Dereva mpya wa ambulensi: king'ora kinakuruhusu nini na hakikuruhusu nini

Kila halmashauri za huku Kusini, Lindi na Mtwara, zikipokea magari mapya ya wagonjwa, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu waliokabidhiwa funguo wananiuliza maswali yale yale. Kaka, nikiwasha king'ora naruhusiwa kupita kwenye taa nyekundu? Nikipigwa tochi ya spidi pale kwenye kibao cha 50 nalipa mimi au ofisi? Nikiwa narudi tupu je? Juzi kanipigia mmoja yuko Tandahimba, jana mwingine wa Ruangwa, swali ni lile lile neno kwa neno, nikaona bora niandike yote sehemu moja, atakayeuliza nimpe hii.

Mimi nimekaa nyuma ya usukani wa mkonga wa wagonjwa, ile Land Cruiser, miaka kumi na kitu, zaidi njia ya Masasi, Ndanda, Nyangao, Mtama mpaka Mnazi Mmoja, hapo unachagua, kushoto Sokoine pale Lindi, kulia Mtwara Ligula au siku hizi Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo. Ninachoandika hapa nimekifanya kwa mikono yangu.

Sheria kidogo tu, halafu tuingie kazini. Sheria yetu ni ile ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Kwa lugha ya kijiweni ni hivi: gari la zimamoto, la wagonjwa na la polisi likiwa kwenye dharura na limetoa ishara, wengine wote wakae pembeni walipishe, na wewe dereva unapata unafuu kwenye mambo kama mwendo kwa ajili ya ile kazi. Kosa la kuendesha kizembe au kihatari halina unafuu, liko pale pale hata ukiwa na mgonjwa anayekata roho nyuma. Ukiua mtu kwenye zebra utasimama kizimbani kama dereva mwingine yeyote.

Shika hili moja, mengine yote yanatoka humo: unafuu ule ni wa SAFARI. Gari halina unafuu, na wewe huna unafuu. Safari ya dharura ikiisha pale mlango wa mapokezi, unarudi kuwa dereva wa kawaida hapo hapo, na king'ora chako kinakuwa honi kubwa isiyo na kibali.

UWE NA HIVI KABLA HUJAONDOKA

- Leseni hai ya daraja linaloendana na kazi. Kwa ajira za serikali wanataka C au E uliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila ajali, pamoja na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva cha VETA au chuo kingine kinachotambulika. Leseni ikiisha wiki ijayo kahuishe wiki hii, usisubiri.
- Logibuku ya gari, lile daftari la safari, na kalamu inayoandika. Nasisitiza kalamu, utaona kwa nini.
- Barua au fomu ya rufaa ya mgonjwa, au kama umeitwa kwa simu, jina la aliyekuita na saa aliyokuita.
- King'ora, vimulimuli, honi ya kawaida, taa zote na indiketa, umevijaribu leo. Kuvijaribu jana hakuhesabiki.
- Mkanda wa mgonjwa kwenye machela, mkanda wa sista, na mtungi wa oksijeni umefungwa. Mtungi uliolegea ukifunga breki ya ghafla unageuka risasi.
- Tairi ya spea yenye upepo, jeki, spana, pembetatu za kuakisi, tochi ya mkononi.
- Simu yenye chaji na vocha, na namba hizi umezikariri: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, 115 ile ya dharura ya wajawazito na watoto wachanga ya M-mama. Na namba ya dereva mwenzako wa zamu, hiyo ndo itakayokuokoa mara nyingi kuliko zote.
- Wewe mwenyewe umelala na hujagusa pombe. Ukiitwa umeshakunywa sema nimekunywa, aitwe mwingine. Utasemwa asubuhi, basi.

HATUA KWA HATUA

1. Uliza kabla ya kugusa swichi

Usiwashe king'ora kwa sababu umeona machela. Mgeukie sista au dokta aliyeandika rufaa umuulize: huyu ni wa kukimbiza au wa kupeleka? Mwenye taaluma ni yeye. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto anayeshindwa kupumua, majeruhi wa ajali anayepoteza fahamu, hao ni wa kukimbiza. Mzee anayekwenda kupigwa picha ya mguu uliovunjika tangu juzi ni wa kupeleka, na huyo ukimrusha kwenye matuta unamtesa bure.

Kuna wagonjwa ambao kelele zenyewe ni tatizo. Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji utulivu, sasa wewe ukimpigia king'ora juu ya kichwa njia nzima kuanzia Nanyumbu unamzidishia. Kwa huyo sista atakwambia washa vimulimuli peke yake, king'ora kiguse tu pale penye kizuizi, na uende kwa mwendo laini.

2. Andika kwenye logibuku kabla ya kuwasha gari

Saa ya kuitwa, saa ya kuondoka, kilomita, unatoka wapi unaenda wapi, na neno moja: DHARURA, halafu sista aweke saini. Sekunde thelathini zinatosha. Wengi wanaandika wakifika, au kesho yake, au mwisho wa wiki kwa kukumbuka kumbuka, na siku likitokea la kutokea wanakuta hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba safari ile ilikuwa ya dharura. Mimi logibuku naiita wakili wangu. Trafiki, mkaguzi wa ndani, hakimu, wote wataanzia hapo.

3. Funga watu

Mgonjwa afungwe mkanda kwenye machela. Sista akae na afunge, najua atasema anashika dripu, mwambie dripu ina ndoano. Ndugu wa mgonjwa mmoja tu, wawili ikizidi sana. Huku kwetu shangazi na mama mkubwa wote wanataka kupanda, nawaelewa kabisa ni uchungu, lakini gari likiwa na watu sita nyuma huwezi kufunga breki bila kuwavunja. Waambie kwa heshima, mama naomba mtangulie na basi la asubuhi, tutawapigia simu.

4. Ondoka ukiwa na vimulimuli, king'ora kifuate barabarani

Washa taa kubwa hata mchana. Ukiwa ndani ya uwanja wa hospitali au zahanati usipige king'ora, kuna wagonjwa wengine wamelala pale na watoto wanakimbilia gari kushangaa. Toka getini kama mtu mwingine, angalia pande zote, ukiingia barabara kuu ndo uwashe.

Halafu hazadi, zile indiketa nne kwa pamoja, ZIMA ukiwa unatembea. Hili kosa nimeliona kwa madereva wazoefu kabisa, anadhani anaongeza ishara ya dharura kumbe ameua indiketa zake, akitaka kukunja kulia hakuna anayejua.

5. Spidi: ongeza pale panapolipa tu

Hapa ndo penye maswali mengi na ndo penye makaburi mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Masasi mpaka Ndanda ni kama kilomita 40. Ukienda 80 unatumia nusu saa. Ukienda 110 unatumia kama dakika 22. Umeokoa dakika nane, kwa karatasi. Sasa toa muda wa matuta, toa malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Songea kwenda bandarini, toa mbuzi, umebaki na dakika tatu nne. Hizo dakika nne unaweza kuzipata bila hatari yoyote kwa kupiga simu kule unakoenda ili wakusubiri mlangoni na machela. Ukifika hujatangaza unasubiri pale nje dakika kumi mtu akitafuta ufunguo wa wodi, ile spidi yote uliyokimbia imeishia kwenye korido.

Spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa kama mara nne. Kwa 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde moja, na mtu wa kawaida anachukua kama sekunde nzima mpaka mguu wake ufike kwenye breki. Mita 28 ndo umbali wa kutoka dukani kwa mangi mpaka mlangoni kwa jirani, na hujaanza hata kupunguza.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Sehemu iliyonyooka, kavu, mchana, naona mbali, naongeza. Kwenye makazi, pale penye kibao cha 50, napita kwa 50 au nazidisha kidogo kama barabara iko tupu kabisa. Shule zikiwa zinatoka, soko, msiba, nashuka chini ya 50 kabisa pamoja na king'ora changu. Kona za kuzunguka bahari pale Mikindani na mteremko wa kutoka Newala siongezi kitu, kibao kiwepo kisiwepo. Madaivasheni ya vumbi njia ya Newala ni mwendo wa konokono, ukikimbia unapoteza njia mbele na sista nyuma anapoteza mshipa wa dripu.

Matuta: mwambie sista "tuta!" kabla hujalifikia, kila tuta. Nimekuta sista ameumia kuliko mgonjwa.

6. Kuovateki: anayekupisha anakuficha

Hiki kichwa nakuomba ukikariri kama dua. Mwaka wangu wa pili kazini, jioni jua linazama, nimembeba mama anavuja damu, natoka Nyangao naelekea Mtama. Mbele kuna lori la korosho, msimu ulikuwa umechanganya. Dereva wa lori akanisikia, mtu mstaarabu kabisa, akawasha indiketa ya kushoto akakaa pembeni akapunguza mpaka karibu kusimama. Mimi nikaingia kulia nikakanyaga mafuta. Kumbe mbele ya lori palikuwa na bodaboda anataka kukunja kulia aingie njia ya kijijini, amesubiri lori lipite, akaona lori limepunguza akadhani linampa yeye nafasi. Akakata. Nilifunga breki mpaka gari likakaa mshazari, bampa langu na goti la mama aliyepakizwa nyuma ya ile boda havikufika hatua mbili. Alikuwa amebeba beseni la ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, beseni likaanguka, ming'oko ikasambaa lami nzima, akawa anaiokota mmoja mmoja mikono inamtetemeka, na mimi sikuweza hata kushuka kumpa pole kwa sababu sista alikuwa anapiga kelele nyuma twende twende. Yule mama na beseni lake bado namkumbuka kuliko wagonjwa wengi niliowafikisha.

Yule boda hakuwa na kosa la ujinga. King'ora alikisikia lakini hakujua kinatokea wapi, na lori lilikuwa ukuta kati yetu. Toka siku ile utaratibu wangu uko hivi: mtu akikupisha, usiruke. Sogea kulia taratibu uone mbele yake kwanza, badilisha mlio wa king'ora kutoka ule mrefu uende ule wa haraka haraka, piga honi ya kawaida mara mbili, ukiona kupo wazi ndo ukanyage. Sekunde tatu tu.

Mengine ya kuovateki, kwa kifupi: usiovateki kwenye kona wala kwenye kilele cha mlima, king'ora hakioni upande wa pili. Usitanue kushoto, watu wakisikia king'ora wanakimbilia kushoto, utawakuta huko huko. Kukiwa na ambulensi mbili zimefuatana acha nafasi kubwa na tumieni milio tofauti, mtu akishapisha ya kwanza anarudi barabarani hajui kuna ya pili.

7. Makutano, kipilefti na taa nyekundu

Taa za kuongozea magari utakutana nazo hasa ukipewa rufaa ya Muhimbili, kwa hiyo vijana wetu wengi wanazikuta mara ya kwanza wakiwa na mgonjwa mahututi na Dar nzima inawapigia honi. Sikiliza. Taa ikiwa nyekundu, king'ora kinaendelea, wewe SIMAMA. Kabisa. Angalia njia ya kwanza, dereva amekuona macho kwa macho? Sogea. Njia ya pili, amekuona? Sogea. Unavuka kipande kwa kipande kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hata Uingereza, ambulensi ikiwa kwenye dharura inaichukulia taa nyekundu kama kibao cha kupisha, haiichukulii kama ya kijani. Kama pamesimama trafiki anaongoza magari, mfuate trafiki, mkono wake unashinda taa na unashinda king'ora chako.

Kwenye kipilefti usiingie kinyume. Najua umewahi kuona msafara ukifanya hivyo. Msafara una pikipiki za polisi zimefunga njia mbele, wewe uko peke yako.

Zebra ni ya waenda kwa miguu hata mbele ya ambulensi. Mtoto akisikia king'ora hasimami, anakimbia, na anaweza kukimbilia kwako.

8. Ngoma za jando na unyago barabarani

Hili la kwetu huku sijaona likiandikwa popote. Msimu wa jando na unyago, hasa shule zikifungwa, unaweza kukuta kundi zima limetoka barabarani na mwali amebebwa mabegani, ngoma inalia, vigelegele juu. King'ora chako hapo hakisikiki KABISA, na wanaokipa mgongo hawaoni vimulimuli. Punguza mpaka karibu na kusimama, mtume ndugu wa mgonjwa ashuke aongee na mzee mmoja, "mzee wangu tuna mgonjwa". Sijawahi kunyimwa njia hata siku moja, watu wanajigawa kama maji, wengine wanamwombea dua mgonjwa wako ukipita. Ukilazimisha na honi ndo unatafuta ugomvi na pengine damu.

9. Ukifika, zima kila kitu

Mgonjwa akishapokelewa andika saa na kilomita, zima vimulimuli, na kurudi ni safari ya kawaida. 50 ni 50. Nafasi ya kuegesha ni ya kuegesha. Ukiitwa dharura nyingine ukiwa njiani kurudi, simama pembeni, andika mstari mpya, ndo uwashe.

MASWALI YANAYOJIRUDIA, MAJIBU YA HARAKA

Nimebeba maiti, niwashe? Hapana. Inauma kusema lakini marehemu hana haraka, na ndugu waliobaki wanakuhitaji uwafikishe salama.

Nimetumwa damu au dawa? Kama kuna mgonjwa anasubiri ile damu mezani na daktari ameagiza, ni dharura, iandikwe hivyo. Kama ni mgao wa kawaida wa dawa za mwezi, sio.

Bosi amechelewa kikao anataka niwashe? Mwambie kwa adabu, mheshimiwa naomba uniandikie kwenye logibuku kwamba safari hii ni ya dharura na uweke saini. Mimi sijawahi kuona mtu akiweka.

Mimi ni dereva jamii wa M-mama, natumia Noah yangu au bajaji, nina unafuu? Unafanya kazi kubwa sana ndugu yangu na Mungu akulipe, lakini gari lako ni gari la kawaida. Usifunge king'ora wala vimulimuli vya bluu, polisi wanavivua na kukuandikia. Fuata alama zote, ukisimamishwa eleza, onyesha ujumbe wa simu ya kuitwa, mtaachiwa. Trafiki wengi ni wazazi.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Watu hawapishi. Kwanza angalia kama wanaweza kukupisha. Lori lililoshiba kwenye mlima mwembamba haliwezi kwenda popote, ukimkandamiza na king'ora mgongoni atafanya kitu cha kijinga. Rudi nyuma kidogo, zima king'ora sekunde kumi, mpe nafasi afike pana. Watu wengine wamefunga vioo na wameweka muziki, kwa hao taa kubwa kwenye kioo chao inafanya kazi kuliko kelele.

King'ora kimekufa njiani. Basi wewe sasa ni gari la kawaida lenye vimulimuli. Angalia fyuzi kama unaijua ilipo na sista anasema kuna dakika moja. Kama dakika hiyo haipo, endelea kwa mwendo wa kawaida, mpigie mwenzako aje mkutane njiani mhamishe mgonjwa. Usijaribu kufanya yale yale ya mwanzo kwa kutumia honi, hakuna anayejua wewe ni nani.

Trafiki amekusimamisha. Simama. Usimpite kamwe. Teremsha kioo, "afande nina mgonjwa wa rufaa naelekea Ligula", aangalie nyuma, sekunde kumi anakuachia, na mara nyingine anakupigia simu kwa wenzake wa mbele wakusafishie njia. Ukibishana unapoteza dakika tano. Hata kama unaona amekosea nenda kwanza, malalamiko utapeleka kesho kwa RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa, ukiwa umevaa vizuri.

Umepigwa tochi na deni limekuja. Usikae nalo kimya, na usilipe kwa hasira halafu ukanyamaza. Faini ya 30,000 inakaa kwenye namba ya gari na ofisi italiona. Chukua nakala ya ukurasa wa logibuku wa siku ile na saa ile, nakala ya rufaa, barua ya mganga mkuu au msimamizi wa magari, peleka kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya au mkoa ulipoandikiwa. Saa ya tochi na saa ya logibuku zikikubaliana una hoja. Kama ulikuwa unarudi tupu, lipa, hilo ni lako.

Umegonga. Simama, hata kama ni kioo tu. Hazadi sasa ndo wakati wake, weka pembetatu. Sista abaki na mgonjwa wako, wewe muangalie uliyemgonga. Piga kwa mwenzako wa zamu lije gari la pili, halafu 112. Majeruhi atahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na wewe utahitaji kuandika maelezo, kwa hiyo usibuni buni, sema kilichotokea. Watu wakianza kukusanyika kwa hasira na unaona maisha yenu yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu ukaripoti, usiende nyumbani wala usizime simu.

Maji yamekata barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika pale Somanga na magari yakalala huko. Maji yanayotembea juu ya lami usiingie, hata kwa mkonga, hata wakikwambia mwingine amepita. Rudi kituo cha afya cha karibu, mwambie sista awasiliane na daktari wapange upya.

Ndugu wa mgonjwa anakupigia kelele "kanyaga dereva, anakufa!" Hii ndo ngumu kuliko zote na hakuna chuo kinachokufundisha. Usimjibu kwa ukali na usimtii. Mimi huwa nasema, "mama nimekusikia, namfikisha", narudia hivyo hivyo kila akipaza sauti, sauti ya chini, macho barabarani. Sista naye azungumze naye, ampe hata kazi ndogo ya kushika mkono wa mgonjwa, anatulia. Ukiona mikono yako mwenyewe imeanza kutetemeka punguza kumi kwenye mshale wa spidi, vuta pumzi mbili, halafu endelea.

Kitu cha mwisho cha kufanya wiki hii, kabla ya safari yako ya kwanza: nenda ofisi ya trafiki ya wilaya yako bila gari na bila kesi, jitambulishe, mimi ndo dereva mpya wa gari la wagonjwa, gari namba fulani, naomba mniambie nyie mnataka nini kwangu barabarani na mniandikie namba ya zamu. Nilipofanya hivyo mimi walinikalisha kwenye benchi, wakanipa chai, na mmoja wao akanichorea kwenye karatasi sehemu tano za njia yangu ambazo wameokota watu wengi zaidi. Karatasi ile ninayo mpaka leo, iko kwenye kile kimfuko cha mlangoni pamoja na logibuku.